Sahani ya pembeni: sida inapitia wapi, na haipitii wapi?



Siku moja tulikuwa watu watatu wa kanisa, tukaenda kuangalia mugonjwa katika kambi moja ya wafanyakazi, karibu na Likasi. Mugonjwa alikuwa mutoto wa kwanza wa nyumba ile, kijana wa miaka 26. Alikuwa amerudi kutoka kariere za upande wa Kolwezi, kule alifanya kazi ya kuchimba, mumoja wa wale tunaowaita « creuseurs ». Alikonda sana, na kikohozi hakikumwacha.

Saa ya chakula ilipofika, mama wa nyumba alileta bukari na sombe. Sisi wote tulinawa mikono, tukakula pamoja katika sahani moja kubwa. Kijana yeye aliletewa chakula chake peke yake, kule karibu na mulango. Pembeni ya sahani yake kulikuwa alama ndogo ya musalaba, iliyochorwa na musumari.

Tukauliza: « Mama, ile alama ni ya nini? »

Akajibu kwa sauti ndogo: « Ni ya kujulisha batoto. Eko na ile ugonjwa. Sitaki bakule mu sahani yake. »

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama muzazi anayetaka kulinda watoto wengine. Lakini tulipotoka inje, tuliona mudogo wa kijana ananyolewa nywele chini ya muti wa embe. Wembe ulikuwa ule ule uliomunyoa mukubwa wake asubuhi. Waliufuta na kitambaa tu. Na kuna neno kubwa zaidi: kule Kolwezi kijana alikuwa ameacha bibi yake mwenye mimba ya miezi mitano. Tukauliza kama yule binti alikwisha kupimisha damu. Watu wa nyumba wakaangaliana. Hakuna aliyemwambia kitu.

Ndugu musomaji, angalia vizuri jambo hili. Jamaa ile ilifunga dirisha dogo ambalo mwizi hapitii hata siku moja, na iliacha mulango mukubwa wazi. Ni vile tunavyofanya wengi wetu. Tunaogopa sahani, kikombe, kitanda na choo. Lakini pale virusi inapita kweli, hatuna woga. Ndiyo sababu mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi wazi, baba na mama pamoja na vijana wao, bila haya.

VIH na sida si kitu kimoja

VIH ni jina la virusi, ni kusema kadudu kadogo sana kasikoonekana kwa macho. Wanganga wa Institut Pasteur kule Paris, katika Ufaransa, walikavumbua mwaka 1983. Sida ni ugonjwa unaokuja nyuma, wakati kadudu kale kamekwisha kuharibu mwili.

Mwili wa mutu una askari wake ndani ya damu. Ugonjwa wa kuhara ukiingia, ao ugonjwa wa kifua, askari wale wanapigana nao. VIH inafanya hila: inaingia ndani ya askari wenyewe, inazaana mule, na inawaua. Kazi hiyo haiishi kwa siku moja. Kwa mutu mukubwa asiyekunywa dawa, inaweza kuchukua miaka 8 ao 10 mbele ya ugonjwa kuonekana.

Fikiri miaka 10! Katika wakati huo wote mutu anaweza kuwa munene, anashuka na kupanda katika shimo kila siku, anaimba katika kwaya, anaoa, anazaa. Hata yeye mwenyewe hajui. Kwa hiyo yule anayesema « fulani hawezi kuwa nayo, angalia mwili wake namna unang'aa », anajidanganya. Macho ya mutu hayaoni VIH. Damu iliyopimwa ndiyo inayosema kweli.

Namna ilivyofika katika inchi ya migodi

Kuna watu waliosema kwamba sida ni ugonjwa wa kutungwa. Wazee wanakumbuka: katika miaka ya 1980, kule Kinshasa, vijana walichezea herufi za jina SIDA kwa Kifaransa, wakasema ni ugonjwa wa uongo wa kuvunja moyo wa wapenzi. Walicheka. Mwaka 1987 mwimbaji Franco Luambo alitoa wimbo wake « Attention na SIDA » ili kuonya watu. Wengi waliucheza, wachache waliusikia.

Lakini ugonjwa haukuwa wa kutungwa. Kuna damu ya mutu iliyotolewa Kinshasa mwaka 1959, wakati ule muji uliitwa bado Léopoldville. Ilipopimwa miaka mingi nyuma, VIH ilikuwa ndani. Mwaka 2014 wenye elimu walitoa uchunguzi mukubwa katika gazeti la Marekani linaloitwa Science. Walionyesha kwamba virusi ilianza kuenea kutoka Kinshasa karibu na mwaka 1920, na kwamba mbele ya mwaka 1940 ilikuwa imekwisha kufika Lubumbashi na Mbuji-Mayi.

Ilifikaje mbali vile? Haikuruka hewani. Ilisafiri pamoja na watu. Tangu mwaka 1928 mutu aliweza kupanda mashua mpaka Ilebo, kisha treni mpaka Lubumbashi. Kazi ya shaba na ya almasi iliita wanaume wengi, na wengi walikuja bila mabibi zao. Pale wanaume wako na mushahara, wako mbali na jamaa, na wanawake wako na njaa, virusi inapata njia.

Hatusemi hivi kwa kushitaki wababu zetu. Tunasema hivi kwa sababu leo ni vilevile. Angalia kariere zetu: vijana wanaacha nyumba kwa miezi mitatu, minne. Siku ya kuuzisha mawe, pesa inaingia yote pamoja. Pembeni ya kariere kuna vibanda vya pombe, na kuna mabinti wadogo waliotumwa kuuza maandazi, ambao wanarudia nyumbani na pesa kuliko bei ya maandazi. Muzazi, wewe unayepokea pesa ile bila kuuliza, unajua inatoka wapi?

Milango mitatu, haina wa ine

VIH inaishi katika damu, katika mbegu ya mwanaume, katika maji ya uke wa mwanamuke, na katika maziwa ya mama. Kwa hiyo inaingia kwa milango mitatu tu.

Mulango wa kwanza ni kulala pamoja, mwanaume na mwanamuke, ao mutu na mutu, bila kujikinga, ikiwa mumoja wao ana virusi na hakunywi dawa. Katika inchi yetu ndio mulango ulio mupana kuliko yote. Mutu akiwa na ugonjwa mwingine wa zinaa, kama kisonono ao vidonda, virusi inaingia kwa upesi zaidi. Basi kutunza magonjwa yale haraka, bwana na bibi pamoja, ni kufunga nusu ya mulango.

Mulango wa pili ni damu. Shindano iliyotumiwa kwa mutu mwingine. Wembe wenye damu mbichi. Kisu kimoja cha kuchanja watu wengi kwa muganga wa kienyeji. Damu ya kuongezewa isiyopimwa. Katika miaka ya 1980, kule Kinshasa, watoto wengi waliokuwa na malaria walipungukiwa na damu. Waliongezewa damu ili wapone, na wamoja wao wakapata VIH kwa njia ile. Leo sheria ni kupima kila chupa ya damu mbele ya kumupa mugonjwa. Wewe muzazi una haki ya kuuliza munganga: « Damu hii ilipimwa? » Haki nyingine: uone shindano mupya inafunguliwa mbele ya macho yako. Na utie mutoto chini ya chandarua, kwa sababu mutoto asiye na malaria hataomba damu ya mutu.

Mulango wa tatu ni mama na mutoto: wakati wa mimba, wakati wa kuzaa, na wakati wa kunyonyesha. Kama mama ana VIH na hakuna dawa hata moja, kwa watoto 100, kati ya 15 na 45 wataipata. Lakini ikiwa mama anakunywa dawa vizuri, hesabu ile inashuka chini ya 5. Tutarudia jambo hili, kwa maana ndilo lililoponyesha mutoto wa kijana yule wa Likasi.

Pahali VIH haipiti

Sasa tujibu maulizo ambayo watu wanatuuliza kila mara, wengine kwa barua, wengine kisha ibada.

« Kula katika sahani moja? » Haipiti. Mate haina nguvu ya kupitisha VIH, na virusi ikitoka inje ya mwili inakufa upesi. Kula bukari pamoja, kunywa munkoyo katika kikopo kimoja, kunywa katika kikombe kimoja kwenye meza ya Bwana: hakuna mutu aliyepata VIH kwa njia hiyo.

« Kupeana mukono, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja na ndugu, kuvaa nguo zake? » Haipiti. Jasho haina VIH ya kupitisha. Ninyi mnaofanya kazi bega kwa bega katika shimo, mkipanguza jasho na kitambaa kimoja, musiogope kwa ajili ya sida.

« Choo na maji ya kuoga? » Haipiti. Choo kichafu kinaleta kuhara na kolera, hiyo ni kweli. Kioshe kwa sababu hiyo.

« Na imbu? Anatoa damu ya huyu, anakwenda kuuma yule! » Hili ndilo ulizo gumu kuliko yote, na linafaa kujibiwa vizuri. Imbu akikuuma, hatapiki damu ya mutu wa kwanza ndani yako. Anatia mate yake, kisha anakunywa. Kadudu ka malaria kanajua kuishi ndani ya imbu na kupanda mpaka kwenye mate yake. VIH haijui: ndani ya tumbo la imbu inakufa kama chakula kingine. Tena, fikiri mwenyewe. Ni nani wanaoumwa na imbu kila usiku kuliko wote? Ni watoto. Kama imbu angeleta VIH, watoto wa miaka 5 mpaka 12 wangekuwa wa kwanza kuipata. Lakini katika inchi zote, watoto wa miaka ile ndio walio nayo kidogo sana.

« Kikohozi? » Hapa musikilize vizuri. VIH haipiti kwa kikohozi. Lakini kifua kikuu, tuberculose, kinapita kwa hewa. Na mutu mwenye VIH anapata tuberculose kwa upesi, kwa sababu askari wa mwili wake wamepunguka. Wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe wako katika hatari ile pia. Basi mutu akikohoa majuma mawili ao zaidi, apelekwe kituo cha afya apimwe makohozi, na damu vilevile. Kule Likasi, mama alitenga sahani, lakini watoto wanne walilala na mugonjwa yule katika chumba kimoja, dirisha likifungwa usiku na muchana. Yafaa tuogope kitu kwa jina lake.

Uongo unaoua

Kuna makosa ya kufikiri ambayo yanaleta haya tu. Kuna mengine yanayoleta kifo. Haya ndiyo ya namna ya pili.

« Bwana yangu alipimwa, hana, basi na mimi sina. » Hapana. Damu ya bwana inajibu kwa bwana peke yake. Kuna nyumba nyingi ambamo mumoja anayo na mwingine hana, hata kisha miaka ya kuishi pamoja. Kila mutu apimwe damu yake. Na ikionekana vile, musikimbilie kumushitaki aliyepimwa wa kwanza. Mara nyingi ni mwanamuke anayejulikana wa kwanza, kwa sababu alipimwa wakati wa mimba. Kujulikana wa kwanza si kusema alileta wa kwanza.

« Nilipimwa juma liliopita, sina kitu. » Kisha virusi kuingia, inaomba siku nyingi mbele ya kuonekana katika kupima. Kwa wengi ni ndani ya siku 28, kwa wengine inafika miezi mitatu. Mutu aliyekuwa katika hatari apimwe tena kisha miezi mitatu.

« Nilitahiriwa, mimi niko salama. » Kutahiriwa kunapunguza hatari kwa mwanaume anayelala na mwanamuke, karibu 60 kwa 100. Kupunguza si kumaliza. Na hakumulinde bibi yake.

« Nitanawa na sabuni kisha, ao nitakunywa lutuku kali. » Haisaidii kitu. Lutuku inasaidia tu kusahau ulichofanya.

« Alilogwa. » Muchimbaji akianza kukonda kisha kupata pesa nyingi, watu wanasema wenziwe wamemuroga kwa wivu. Wanakwenda kwa mufumu, wanauza mashine, wanauza baisikeli, wanagombana na mujomba. Miezi inapita, askari wa mwili wanaisha. Anapofikishwa hospitali, ni wa kubebwa. Kama munapenda kujua kilicho katika damu, muulize damu.

« Ulale na binti asiyejua mwanaume, utapona, ao utapata mawe mengi. » Kuna waganga wa uongo wanaowaambia wachimbaji maneno haya. Wasomaji, hili si dawa wala bahati. Ni kosa kubwa mbele ya Mungu na mbele ya sheria ya inchi, na linampa mutoto asiye na kosa ugonjwa wa mutu mwingine. Mutu anayesema maneno haya katika kartye yenu, musimunyamazie.

« Mujane asafishwe. » Katika desturi zingine, ndugu wa marehemu alilala na mujane ili kumutoa roho ya kifo. Kama bwana alikufa na sida, desturi ile inapeleka virusi katika nyumba ya ndugu. Kama ndugu ndiye aliye nayo, anamupa mujane. Wazee wa jamaa nyingi wamekwisha kubadilisha: wanamupaka mujane unga mweupe, ao wanamufunga ushanga, inatosha. Marehemu hakosi heshima.

« Muombewe, muache dawa. » Sisi ni watu wa sala, hatutaacha kuwaombea wagonjwa. Lakini mutu yeyote, hata akiwa mutumishi wa Mungu, akimwambia mugonjwa atupe dawa kwa kuonyesha imani, anamupeleka kaburini. Virusi inarudi ndani ya majuma machache dawa ikiachwa. Sala na dawa havigombane. Yule anayesema amepona, aende tena kupimwa, na munganga ndiye atasema.

Kujikinga, na dawa ya leo

Vijana, munajua kanisa linalowafundisha: kungojea ndoa, na katika ndoa kukaa waaminifu wote wawili. Njia hii ni ya kweli, lakini inaomba watu wawili. Mwanamuke mwaminifu mwenye bwana asiye mwaminifu hayuko salama. Kwa hiyo, mbele ya arusi, muende wote wawili mukapimishe damu. Si kukosa tumaini. Ni kuanza nyumba katika ukweli. Na wanganga wanasema wazi, nasi hatutawaficha: kapoti ikivaliwa vizuri na kila mara, inazuia VIH isipite. Uvumi kwamba kapoti zenyewe zimetiwa virusi ni uongo. Virusi haiwezi kuishi mule.

Mutu aliyenajisiwa kwa nguvu, ao aliyechomwa na shindano yenye damu, akimbie hospitali siku ile ile. Kuna dawa ya kuzuia virusi isishike mwilini. Inafaa kuanza mbele ya saa 72 kupita, na kuikunywa siku 28. Kila saa ina bei yake. Musingojee kwanza wazee wakae kikao juu ya faini.

Na kwa wale walio na VIH, habari si ile ya zamani. Mbele ya mwaka 1996 wanganga walikuwa na dawa kidogo za nguvu. Tangu mwaka ule walijua kuunganisha dawa tatu pamoja. Dawa haitoi virusi yote mwilini, lakini inailaza. Leo mara nyingi zote tatu ziko katika kidonge kimoja kwa siku. Mutu akianza mapema na asikose siku, anaweza kuzeeka na kuona wajukuu.

Kuna zaidi. Akikunywa vizuri, kisha miezi karibu sita virusi inapunguka katika damu mpaka mashine haiioni. Mutu wa namna ile hampe tena mwenzake VIH kwa kulala pamoja. Si maneno ya kufariji tu. Katika uchunguzi mumoja uliotolewa mwaka 2016, kule Ulaya, walifuata jozi 888 za wapenzi, ambamo mumoja anayo na mwingine hana. Walilala pamoja bila kapoti karibu mara 58,000. Hakuna hata mumoja aliyepata virusi kutoka kwa mwenzake anayekunywa dawa. Basi kidonge kile kinalinda mugonjwa, na kinalinda nyumba. Kwa kulinda nyumba, kina nguvu kuliko sahani elfu moja zenye alama.

Mama mwenye mimba apimwe katika ziara ya kwanza. Kama anayo, aanze dawa siku zile zile. Mutoto akizaliwa anapewa dawa yake ya maji. Mama anaendelea na dawa, na ananyonyesha maziwa yake tu kwa miezi sita, bila maji wala uji. Mutoto anapimwa akiwa na majuma sita, tena nyuma. Dawa hizi zinatolewa bila kulipisha katika vituo vinavyofuata programu ya inchi ya kupigana na sida. Na mujue kwamba tangu tarehe 14 Julai 2008 inchi yetu ina sheria inayowalinda watu wenye VIH: kumubagua mutu kwa sababu hiyo, ku kazi, ku masomo, ku hospitali, ni kosa.

Sahani ile iliishia wapi?

Turudi kule Likasi. Tulipobaki peke yetu na kijana, alituonyesha kitu kilichofichwa juu, chini ya mabati ya nyumba: mufuko wa dawa. Walimupa Kolwezi. Alikunywa miezi miwili, kisha akaacha.

« Juu ya nini? »

« Kama bananiona nakunywa kila siku, batajua ni ya nini. Kiisha walijua tu. Sasa namukulia pa mulango kama imbwa. Dawa itanisaidia nini? »

Wazazi, mumesikia? Sahani ile haikulinda mutu hata mumoja, lakini ilikuwa karibu kumuua kijana. Haya ndiyo iliyofungia dawa juu ya paa. Haya ndiyo iliyomuzuia kumwambia bibi yake.

Tulikaa na baba na mama mpaka jioni. Hatukuwagombeza. Tuliwaeleza haya tunayowaeleza ninyi. Kesho yake baba mwenyewe alimusindikiza kijana hospitali. Walimukuta na tuberculose pia, akatunzwa miezi sita, na dawa ya VIH akaianza tena. Wembe kila mutu alinunuliwa wake. Kisha juma moja mama alipanda gari mpaka Kolwezi, kumutafuta mukwe. Ilikuwa safari nguvu, kwa maana alikwenda kumwambia binti wa watu neno ambalo mutoto wake aliogopa kulisema. Binti alilia, alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini alikubali kupimwa. Alikuwa nayo. Alianza dawa akiwa na mimba ya miezi sita.

Mutoto alizaliwa, ni binti. Alipimwa kwa majuma sita, akapimwa tena alipoacha kunyonya. Hana.

Mara ya mwisho tulipofika nyumba ile, tulikuta bukari mezani na watu wote wanakula pamoja. Sahani yenye alama ya musumari ilikuwapo bado, maana alama ile haifutiki. Mudogo wa kijana ndiye aliyekuwa anaikulia.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi vya vijana

1. Katika nyumba yetu, tunaogopa nini juu ya sida? Kitu kile kinapitisha virusi kweli?
2. Kila mutu ana wembe wake? Kule tunakonyolewa, wanatumia wembe mupya?
3. Ndugu yetu anayerudi kutoka kariere, tunamupokea namna gani? Akituambia yuko na VIH, neno letu la kwanza litakuwa nini?
4. Nani kati yetu anakohoa zaidi ya majuma mawili?
5. Bwana na bibi: tulipimwa lini, wote wawili?